Kifua Kisicho na Kovu

Halima mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimeivuta meza karibu na dirisha, nimevaa miwani, na mbele yangu liko begi lako limeshafungwa. Juu yake umeiacha stetoskopu yako, kwa sababu hukutaka ibanwe na nguo. Nimeitazama kwa muda mrefu. Nadhani hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa.

Ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kukaa vizuri na wenye nyumba, sitayaandika. Nimekuimbia hayo tangu ulipopangiwa kituo, mpaka jana ukaniambia, "Mama, naenda Handeni, siendi mwezini." Tulicheka wote. Lakini mimi nilikuwa nacheka huku moyo umenishika, kwa sababu tangu uliponitajia jina la kijiji sijatulia. Nilikuombea upangiwe popote, Magoma, Mkumbara, hata mbali kuliko huko. Wewe ukapangiwa kulekule tambarare za wafugaji, kwenye kituo cha afya ambacho kutoka mlangoni kwake unaliona boma la Pakine.

Unamjua Pakine kama rafiki yangu wa Kimaasai anayetuletea samli, ambaye wewe humwita Yeyo kama wanawe wanavyomwita. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini yeye na mimi tunaitana Pakine, wote wawili jina moja. Nikakueleza, kwa kuwa kueleza ni ugonjwa wangu, kwamba kwa Wamaasai watu waliopeana mnyama huacha majina yao na kuitana kwa mnyama huyo, na Pakine ni jina la waliopeana mbuzi. Nilikueleza vizuri sana. Nilichokuficha ni kwa nini alitupa mbuzi.

Juzi alinipigia simu. Mjukuu wake, yule mtoto wa kike wa mwanawe mkubwa, alisikilizwa kifua kwenye kliniki ya mkoba, na muuguzi akasema moyo unavuma, mtoto apelekwe Dar es Salaam akapimwe. Pakine alinieleza hayo kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. "Tumewaambia hatuendi," akasema. "Sisi hilo tunalijua. Tunangoja, Pakine, kama wewe ulivyongoja, na wako akapona bila kukatwa. Mimi huku wanawake wote nimewaambia."

Wanawake wote amewaambia. Wewe, Halima, ndiye ushahidi wao. Mtoto wa Mwalimu wa Korogwe alikuwa na moyo mbovu, mama yake akangoja, na sasa ni tabibu. Unakwenda kuwasihi wapeleke watoto wao hospitali, na wao watakuonyesha kwa kidole wewe mwenyewe. Siwezi kukuacha uingie humo bila kujua uongo huo umetoka wapi. Umetoka kwangu.

Wewe unakumbuka ulivyotibiwa. Unakumbuka chumba chenye baridi na plasta ndogo kwenye kinena. Usichokumbuka, kwa kuwa ulikuwa mdogo na mimi sikukusaidia kukumbuka, ni kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili sisi kwenda. Mara ya kwanza nilikuondoa wodini bila kutibiwa.

Tulilazwa Dar es Salaam na watoto wengine waliokuwa wakisubiri madaktari wageni, kwa sababu wakati ule kazi hiyo ilifanywa walipokuja, wakishirikiana na wa kwetu, kisha wakaondoka mpaka safari nyingine. Kitanda cha jirani alikuwapo binti wa rika lako, na mama yake ndiye huyu Pakine, ila siku zile yeye aliniita Mwalimu na mimi nilimwita kwa jina la mwanawe. Jina hilo sitaliandika hapa. Utaelewa baadaye. Mlikuwa na ugonjwa mmoja: mlango wa moyo unaopitisha damu kwenda kwenye mapafu umebana. Mlicheza pamoja chini ya vitanda, mkachoka pamoja, mkalala pamoja. Alikufundisha kuhesabu kwa Kimaasai na wewe ukamfundisha kuandika herufi kwenye ukungu wa dirisha.

Mimi na mama yake tulikuwa tunaongea. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko alivyodhani, na alikuwa mchekeshaji. Alinicheka kwa namna tunavyosalimiana sisi wa Korogwe. "Nyinyi mnasalimiana kama watu wanaofukuzwa," alisema. "Habari? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Halafu mnaachana! Sasa habari yenyewe iko wapi?" Akaniambia kwao salamu ni mlango tu. Ukishasalimia unakaa, unatoa habari yote: umetoka wapi, mvua ikoje, nani anaumwa, nani amezaa, ng'ombe gani amepotea. "Na mtu akituma salamu bila habari?" nikamuuliza. "Basi hakuna habari," akasema. "Mambo yako kama ulivyoyaacha." Nililipenda jambo hilo. Niliwaza nitawaeleza wanafunzi wangu. Lishike, Halima, litarudi.

Daktari aliyetuelezea matibabu alikuwa kijana wa Kitanzania. Alichora moyo kwenye karatasi, akasema watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani, utapanda mpaka ndani ya moyo, utapita kwenye ule mlango uliobana, na kwenye ncha yake kuna puto dogo. Watalijaza kwa sekunde chache, litaachanisha sehemu zilizoshikana, kisha watalitoa. Kifua hakitaguswa.

"Umeelewa, mama?" akauliza.

Swali hilo liliniuma. Nilikuwa nimefundisha baiolojia tangu yeye akiwa shule ya msingi. "Daktari," nikamwambia, "huo moyo mimi nimeuchora ubaoni mara nyingi kuliko wewe."

Akacheka kwa adabu. "Basi Mwalimu, kazi yangu imekuwa rahisi."

"Siyo rahisi. Kazi ya vali, huo mlango, ni kuzuia damu isirudi nyuma. Ukishaipasua, itazuia na nini?"

Akanijibu kwa utulivu. Alisema ni kweli, huenda ikavuja kidogo, na watakuwa wanamwangalia mtoto kila mwaka. Lakini upande ule wa moyo unavumilia kuvuja kidogo kuliko unavyovumilia kusukuma damu kwenye tundu la sindano maisha yote. Msuli unakuwa mnene, mwishowe unachoka. Alikuwa amejibu swali langu lote. Nilijua amelijibu. Lakini mimi sikuwa nimeuliza kuhusu vali. Nilikuwa naogopa. Waya ndani ya moyo wa mwanangu, moyo ukiwa unapiga: hilo ndilo nililoliona, na mikono yangu ilikuwa baridi chini ya kanga. Sijawahi kusema "naogopa" mbele za watu. Mtu anayesimama mbele ya darasa huwa anasahau neno hilo linatamkwaje. Kwa hiyo niliuficha woga wangu ndani ya elimu yangu, nikasema tutangoja mtoto akue kwanza.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja siku hiyo na lori la mkonge, akaliacha mahali akaja kwa miguu. Tulisimama kwenye korido. "Mama Halima, mimi nimekuja kuchukua mtoto aliyetibiwa," akasema.

"Huelewi hatari yake."

"Sielewi. Na wewe unaogopa. Nyinyi Wasambaa hata kuvuka Mto Pangani kuja kwetu Uzigua mnasoma dua."

Alitaka nicheke. Nisingekuwa mjinga ningecheka, halafu ningelia, na tungeishia hapo. Badala yake nikamwambia kwa sauti ambayo wauguzi waliisikia, "Wewe umesoma mpaka wapi hata unifundishe mambo ya moyo?"

 Akaitazama kofia yake mkononi. "Haya, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye msomi." Hakuwahi kuniita Mwalimu kabla ya siku ile.

Nilipokuwa nafunga vitu vyetu, mama wa kitanda cha jirani alinishika mkono. "Mwalimu, unaondoka?"

"Naondoka."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo pa kutazama, mwanangu, kwa sababu huko unakokwenda watu watakuuliza hivyohivyo, na watakuwa wamekushika mkono hivyohivyo. Ningeweza kumwambia, Mama, naogopa, usinifuate mimi. Badala yake nilikaa kitandani kwake nikamweleza. Nilimwambia mlango wa moyo ni kama mdomo wa gunia la mahindi ulioshonwa pande zote mbili, ukaachwa wazi katikati tu. Nikamwambia puto likikata ule uzi, mahindi yanaweza kumwagika. Nikamwambia wako watoto wanaokua na mlango nao ukakua, wasihitaji kitu. Na wapo kweli. Ni wale ambao mlango umebana kidogo tu. Nilichukua ukweli wa watoto wale nikawavika watoto wetu, ambao daktari alishasema wamebanwa sana. Lilikuwa ni somo zuri. Lilikuwa na mfano, lilikuwa na mpangilio, na alilielewa mara moja.

"Wewe umesoma," akasema. "Mimi nakufuata wewe."

Tulipanda basi moja. Mkata wakashuka wao ili wapate gari la Handeni, na yule binti akasimama kando ya barabara akakupungia mkono mpaka vumbi likamfunika. Wewe ulisinzia begani kwangu ukiwa unahema kama umekimbia, na hukuwa umekimbia.

Kilichonirudisha ni kilima cha Kwashemshi. Tulikwenda kwa bibi yako kwa sikukuu, na pale njia inapoanza kupanda kuelekea kwake ulichuchumaa. Nikadhani unafunga kiatu. Nilipokuinua, midomo yako ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, ukaniambia, "Mama, nipumzike kidogo tu, usikasirike." Usikasirike. Ulidhani ni kosa lako. Nilikubeba mgongoni mpaka juu, na huko juu nikawa sina tena maswali ya vali. Madaktari wageni waliporudi, tulikuwa wa kwanza mlangoni.

Sikumwambia mtu. Nyumbani nilisema tunakwenda kupimwa tu. Baba yako alijua, akatusindikiza mpaka stendi, na hakusema hata neno moja la kunikumbusha korido ile. Ningependa angesema.

Daktari alikuwa yuleyule. Naye hakunikumbusha kitu. Walipomaliza, akaniita akanionyesha yaliyofanyika kwenye kioo cha mashine, na hili nimekuwa nikitaka kukueleza siku zote ila sikupata pa kuanzia. Niliuona mrija ukipanda, mweusi, mwembamba kama mzizi. Nikaliona puto likijaa. Lilijaa juu na chini, lakini katikati likabanwa, kama mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni kwa nguvu. Hicho kiuno ndicho kilichokuwa ugonjwa wako. Likakaa hivyo, nami nikashika ukingo wa meza. Kisha kiuno kikaachia. Puto likawa limenyooka lote, basi. Daktari akasema, "Hapo." Neno moja. Nilikuwa nimekunyima hicho kitu kwa miezi yote ile, na kilikuwa kinachukua muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Jioni ulinidai chipsi.

Tulipoagana, daktari akaniuliza, "Na yule mama wa Handeni mbona hakurudi? Mtoto wake alibanwa kuliko Halima. Unajua kumpata?"

"Nitampelekea habari," nikasema.

Nilikuwa na njia. Wafugaji wa kule huja mnadani, na neno likitamkwa mnadani linafika boma lolote kabla ya jua kuzama. Na sikuhitaji hata kwenda mnadani. Siku moja nilikuwa Mkumbara, nimekwenda kusimamia mitihani, nikakutana na shemeji wa yule mama, kaka wa mumewe, kijana mrefu aliyewahi kuja kuwatazama wodini. Alikuwa anasubiri gari. Alinifahamu yeye kwanza. Tukasalimiana, akanipa habari zote kama desturi yao ilivyo: mvua, malisho, mzee wao mgonjwa, na kwamba yule mtoto yupo, ila anachoka. Kisha akasimama akangoja zamu yangu.

Nilikuwa nimesimama na walimu wenzangu wawili. Kumpa habari yangu kungemaanisha kusema kwamba yale niliyomweleza shemeji yake hayakuwa kweli, kwamba mimi mwenyewe nimerudi kimyakimya nikafanya nililomkataza. Wenzangu wangesikia. Nikasema, "Mwambie nawasalimu sana."

Akangoja. "Habari gani nimpelekee, Mwalimu?"

"Salamu tu."

"Salamu tu?"

"Salamu tu," nikasema.

Nilijua ninachokifanya, Halima. Nilishaelezwa maana yake wodini, nikacheka na kulipenda jambo lenyewe. Nilijiambia nitakwenda mwenyewe shule zikifungwa, nikamweleze kwa utulivu. Shule zilifungwa zikafunguliwa.

Alikuja yeye, wakati wa kiangazi, na kibuyu cha samli na mbuzi jike mweupe wa kuvutwa kwa kamba. Wewe ulikuwa uani unaruka kamba na watoto wa jirani, na mimi nilikuwa jikoni. Nilitoka nikamkuta amesimama anakutazama. Hakunisalimia. Alikutazama unavyoruka, unavyocheka, unavyobishana kuhesabu. Kisha akakuita, nawe ukamkimbilia, ukamwamkia. Akapiga goti, akaifungua blauzi yako vifungo vya juu, akapitisha kiganja kifuani kwako, taratibu, kutoka shingoni mpaka tumboni.

"Hawakukata," akasema.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Bado ninauhisi uzito wake.

"Hakuna kovu. Kweli ulingoja," akasema. "Ulituma salamu, nikajua kwa Mwalimu mambo ni yaleyale, mtoto anangoja, anaendelea vizuri. Nikasema na mimi ningoje."

Akanipa habari yake yote pale uani, kwa utaratibu wao. Miguu ya mwanawe ilianza kuvimba, kisha tumbo. Alikuwa hawezi tena kufuata ndama. Asubuhi moja aliomba yeye akachote maji, kwa sababu alichoka kuwatazama wengine, na mama yake akamruhusu ili afurahi. Walimkuta njiani, ndoo imewekwa chini vizuri, haikumwagika. "Wa kwangu Mungu alimhitaji," akasema. "Wa kwako amebaki. Huyu mbuzi alikuwa wake, achukue mwenzake aliyelala naye jirani." Kisha akaniomba jina la binti yule nisilitamke tena, kwa kuwa kwao aliyekufa haitwi. Nami yeye mwenyewe sikuwa na jina lingine la kumwitia. Akasema sasa tumepeana mbuzi, tuitane Pakine.

Kovu lako liko kinenani, dogo kama alama ya kuumwa na mdudu. Nilichotakiwa kufanya ni kumwonyesha. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Mimi niliyeeleza kila kitu maisha yangu yote, mpaka watu hunikwepa harusini, siku ile nilisema "pole" nikampikia chai. Na kila alipokuja tena na samli yake, nilisema habari nzuri.

Baba yako aliniuliza mara moja tu, akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho. "Yule mama wa mbuzi, ulimwambia?"

"Bado."

"Bado," akarudia, kama mtu anayejifunza neno geni. Akageukia ukutani.

Miaka mingi ulikuwa unamuulizia rafiki yako. Nilikwambia amerudi kwao, anachunga. Ulipokua ukaacha kuuliza. Nafikiri ulikisia, na mimi nikaushukuru ukimya wako kama mwizi anavyoshukuru giza.

Sikuandikii haya ili uniambie nilikuwa na hofu tu ya mama. Najua utataka kusema hivyo, una moyo huo. Usiseme. Kuogopa hakukumuua mtu. Kama ningelia kwenye ile korido kama mama mwingine yeyote, Pakine angeniona mwoga, akanionea huruma, na akabaki na mwanawe wodini. Kilichomwondoa ni kwamba niliupa woga wangu sauti ya mwalimu. Sasa wewe una sauti hiyo, na una stetoskopu juu yake. Mama atakapokaa mbele yako akakuuliza maswali mengi, hili likoje na lile likoje, wewe yajibu, ila mtazame mikono. Mara nyingi swali siyo lile analouliza. Na siku usipojua, sema sijui; na siku ukiogopa, sema naogopa, palepale, kabla hujaanza kueleza. Mimi nimejifunza hilo kwa mtoto wa mtu mwingine. Kuna njia ya aibu zaidi ya kujifunza? Nimeitafuta, sijaiona.

Na ukishakosea, usingoje shule zifungwe.

Nirudi kwenye simu ya juzi, kwa sababu bado hujaisikia yote. Pakine aliposema, "Tunangoja kama wewe," nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Kisha nikasema, "Pakine, mtandao unakatika, nitakupigia." Mtandao haukuwa unakatika. Nilikaa na simu mapajani, mzee mzima mwenye wajukuu wa jirani wanaomwamkia, nimemdanganya mama aliyefiwa kwa mara ya sijui ngapi, na safari hii kuna mtoto mwingine anayehema kule. Mtoto huyo anaweza kupona. Siku hizi madaktari wetu wenyewe wanafanya kazi hiyo, hakuna kungoja wageni. Kilichopo kati yake na ule mlango kufunguliwa ni neno langu tu.

Kwa hiyo kesho siji stendi kukusindikiza. Nakuja na wewe. Kijibegi changu kiko nyuma ya mlango wa chumbani. Nilikifunga ulipokuwa unapiga pasi. Barua hii nitakupa asubuhi kabla ya chai, uisome ukiwa umekaa, kisha tutoke. Ukikasirika, kasirika ndani ya basi, njia ni ndefu ya kutosha. Nimekuandikia kwa sababu najijua. Nikiwa na mdomo peke yake, nitafika Handeni nikamsifia samli. Lakini ukishakuwa unajua, na uko pembeni yangu, na unanitazama kama ulivyokuwa ukinitazama ukiwa mdogo nikichora ubaoni, sitaweza kukwepa.

Usimwambie wewe kwa niaba yangu. Na nikianza kuzunguka, nikianza na gunia la mahindi, nikanyage mguu.

Jambo moja nakuomba, na una haki ya kulikataa, kwa kuwa ni mwili wako. Pakine aliutafuta ukweli kifuani kwako kwa kiganja chake, akakosa, kwa sababu alitafuta mahali pasipo na kitu nami nikamwacha. Kama utakubali, mkiwa wanawake peke yenu ndani ya nyumba, mwonyeshe ile alama ndogo. Mwache aiguse. Mwambie waliingilia hapa. Mkwewe naye aone, yule mwenye mtoto.

Mimi nitakuwa nimekaa nje kwenye kile kigoda anachonipa siku zote. Atakuwa amenisalimia, nami nitakuwa nimeitikia, na atakuwa amengoja habari kama desturi yao ilivyo. Nitakuwa nimeshampa, yote, tangu korido mpaka Mkumbara mpaka sufuria. Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza, na akinifukuza nitapanda gari kurudi, wewe ubaki ufanye kazi yako. Nilichoona ni kwamba miaka yote hii ameniita kwa jina la mbuzi wa mwanawe, na kila nilipoitika nilikuwa naiba kitu. Huenda kesho akaliacha jina hilo, akarudi kuniita Mwalimu.

Akiniita hivyo, nitaitika.

Mama yako